Jane Addams: Mwanamama aliyewafungulia mlango watoto wa Halsted Street

JINA la Jane Addams hutajwa zaidi panapozungumziwa Tuzo ya Amani ya Nobel, aliyoitwaa mwaka 1931 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata heshima hiyo. Hata hivyo, zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo, mwanamama huyo alikuwa amekwishaanza kazi nyingine katika mitaa ya makabwela ya jiji la Chicago. Kazi hiyo kwa nje ilionekana ndogo: kuwa na nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi pindi watoto walipotoka shule au kiwandani.

Kwa Chicago ya wakati ule jambo hilo halikuwa dogo hata kidogo. Jiji hilo lilipita idadi ya watu milioni moja katika sensa ya mwaka 1890, na zaidi ya robo tatu ya wakazi wake walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Waitalia, Wajerumani, Waayalandi, Wagiriki, Wacheki na Wayahudi kutoka Urusi na Poland walibanana katika nyumba za mbao zisizo na maji, wakafanya kazi katika machinjio, viwanda na vyumba vya ushonaji. Baba na mama waliondoka alfajiri na kurudi usiku. Mtoto aliyebahatika kwenda shule alipotoka darasani hakuwa na pa kwenda isipokuwa barabarani, na barabarani kulikuwa na kila kitu ambacho mzazi hakutaka mwanawe akione.

Addams mwenyewe hakutoka katika maisha ya namna hiyo. Alizaliwa Septemba 6, 1860, katika kijiji cha Cedarville, kaskazini mwa jimbo la Illinois, akiwa mtoto wa nane kati ya tisa. Baba yake, John Huy Addams, alikuwa mmiliki wa kinu cha nafaka, mwenye benki na seneta katika Bunge la jimbo, na alifahamiana na Abraham Lincoln. Mama yake, Sarah, alifariki dunia binti huyo akiwa na umri wa miaka miwili tu. Muda mfupi baadaye aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, maradhi yaliyomwachia mgongo uliopinda na kumsumbua maisha yake yote. Inawezekana kabisa kwamba huruma yake kwa watoto waliowekwa pembeni ilianzia hapo, kwani naye alijiona mtoto mwenye sura mbaya asiyestahili kutembea kando ya baba yake mbele za watu.

Mwaka 1881 alihitimu masomo katika seminari ya wasichana ya Rockford, na katika mwaka huo huo baba yake akafariki ghafla. Alijaribu kusomea udaktari huko Philadelphia, lakini afya ikamshinda. Ikafuata miaka minane ya kutangatanga. Alikuwa na elimu, alikuwa na urithi wa kumtosha, lakini hakuwa na kazi, kwa kuwa jamii ya wakati huo haikuwa na nafasi kwa mwanamke msomi ambaye hakutaka kuolewa wala kuwa mmisionari. Alisafiri Ulaya mara mbili. Mjini London aliwaona maskini wakigombea mboga zilizooza katika mnada wa Jumamosi usiku, na picha ya mikono ile iliyoinuliwa haikumtoka tena akilini.

Katika safari ya pili, mwaka 1888, alifika Toynbee Hall, nyumba iliyofunguliwa mashariki mwa London ambako vijana waliohitimu vyuo vikuu walihamia na kuishi miongoni mwa maskini, wakifundisha na kujifunza. Hapo ndipo alipopata alichokuwa akikitafuta. Alirudi Marekani akiwa na rafiki yake, Ellen Gates Starr, na Septemba 18, 1889, wawili hao wakahamia katika jumba kuukuu la matofali katika Halsted Street, lililokuwa limejengwa mwaka 1856 na tajiri Charles Hull. Likaitwa Hull House. Mmiliki wake wa wakati huo, Helen Culver, baada ya muda aliwaachia walitumie bila kodi.

Wasichana wawili wa tabaka la juu hawakuwa na mpango maalumu walipofika. Walitundika picha walizonunua Ulaya, wakapanga vitabu, wakakaribisha majirani kusoma riwaya pamoja nao. Majirani walikuja, wengine kwa kushangaa. Lakini haukupita muda kabla ya akina mama kuonyesha wazi kwamba haja yao kubwa haikuwa riwaya bali mtu wa kukaa na watoto wao. Shule ya chekechea ikafunguliwa katika chumba cha wageni, na jioni zikaanza klabu za wavulana na wasichana waliotoka shule na viwandani. Katika mwaka wa pili, watu wapatao 2,000 walikuwa wakiingia katika nyumba hiyo kila wiki.

Lipo tukio la Krismasi ya kwanza ambalo wote walioandika habari za Hull House hawaliachi. Watoto waliitwa kwenye sherehe na kugawiwa peremende. Baadhi ya wasichana wadogo wakazikataa. Wenyeji wao walipodadisi, wakaelezwa kwamba wasichana hao walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha peremende, na kwa majuma sita mfululizo walikuwa wameingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa tatu usiku. Hawakuweza tena hata kuitazama peremende.

Tukio la pili lilikuwa baya zaidi. Wavulana watatu wa klabu moja ya Hull House walijeruhiwa kwa nyakati tofauti na mashine ile ile katika kiwanda cha jirani, kwa sababu mashine hiyo haikuwa na kinga ambayo gharama yake ilikuwa dola chache tu. Mmoja wao akafa. Addams na wenzake waliamini kwamba wenye kiwanda wangeshtuka na kurekebisha mashine mara moja. Hawakufanya lolote. Wazazi, kwa upande wao, walikuwa wamekwisha kutia saini karatasi za kuahidi kwamba hawatadai fidia iwapo mtoto ataumia kwa uzembe wake mwenyewe.

Hapo ndipo kazi ya Hull House ilipobadilika. Mwanzoni ilikuwa nyumba ya kuwapa watoto burudani na maarifa jioni. Sasa ilionekana wazi kwamba klabu ya jioni haina maana kwa mtoto aliyechoka kiasi cha kusinzia juu ya kitabu, na haina maana yoyote kwa mtoto aliyekufa. Mmoja wa wakazi wa nyumba hiyo, Florence Kelley, alifanya uchunguzi juu ya vyumba vya ushonaji na ajira ya watoto, akaupeleka serikalini. Mwaka 1893 Bunge la Illinois likapitisha sheria iliyopiga marufuku kuajiri watoto wa chini ya miaka 14 viwandani na kuweka ukomo wa saa nane za kazi kwa wanawake. Kelley akateuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo. Kifungu cha saa nane kilifutwa na Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1895, lakini suala la watoto lilikuwa limekwisha kuingia katika sheria.

Ushindi huo haukupokewa kwa vigelegele mtaani. Familia nyingi zilitegemea senti za watoto, na wapo wazazi waliowaona wanawake wa Hull House kuwa wanaingilia riziki ya watu. Addams hakuwadharau kwa hilo. Alielewa kwamba kumtoa mtoto kiwandani bila kumpa mahali pengine pa kwenda ni kumtupa barabarani, na ndiyo maana vita vya sheria na kazi ya klabu aliviona kuwa kitu kimoja.

Fedha za kuendesha yote hayo zilitoka wapi? Swali hilo lilimwandama mpaka kaburini. Katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ilitoka katika urithi wake mwenyewe. Wakazi wa nyumba, waliojitolea kufundisha na kuongoza klabu, walilipia vyumba na chakula chao; hakuna aliyelipwa kwa kukaa na watoto. Wanachama wa klabu walitoa ada ndogo. Majengo yalitoka kwa matajiri, hasa wanawake matajiri wa Chicago. Mary Rozet Smith, aliyekuja kuwa mwandani wake wa maisha, alitoa fedha mwaka hadi mwaka. Louise deKoven Bowen alijenga jengo zima la klabu ya wavulana, likiwa na karakana za useremala, uhunzi, umeme, upigaji picha, uchapaji na simu za maandishi, pamoja na chumba cha mchezo wa biliadi ili kijana asipate kisingizio cha kuufuata baa. Kufikia mwaka 1907 Hull House ilikuwa na majengo 13.

Si kila fedha ilipokewa. Wakati wa kuipigania sheria ya mwaka 1893, Addams aliitwa kwenye chakula cha mchana na mtu mwenye uhusiano na wenye viwanda, akaelezwa kwamba wafanyabiashara wako tayari kuchangia dola 50,000 kwa shughuli za kijamii za Hull House endapo nyumba hiyo itaachana na muswada ule. Kilichomuumiza, kwa maelezo yake ya baadaye, ni kujiuliza amefanya nini hata mtu akathubutu kumdhania anaweza kununuliwa. Mara nyingine zilitolewa dola 20,000 kwa ajili ya kujenga hosteli ya wasichana wafanyakazi. Ilipobainika kwamba mtoaji anafahamika kwa kuwapunja mishahara wasichana wa duka lake mwenyewe, fedha zikakataliwa. Hosteli ilikuwa ikihitajika kweli, na wasichana waliendelea kubanana katika vyumba vya kupanga hadi zilipopatikana fedha nyingine.

Namna uwanja wa kuchezea ulivyopatikana inaeleza mengi kuhusu mbinu zake. Wakazi wa Hull House walikuwa wamechapisha habari za nyumba zenye hali mbaya katika eneo lao, na baadhi ya nyumba hizo zilikuwa mali ya kijana tajiri aitwaye William Kent. Kent alikuwa amezirithi na hakuwa na habari ya hali yake. Aliposikia aibu hiyo alikuja, wakazozana, na mwishowe akaitoa ardhi bila malipo, nyumba zikabomolewa. Katikati ya muongo wa 1890 ukafunguliwa hapo uwanja wa kuchezea watoto, unaotajwa kuwa wa kwanza wa umma mjini Chicago, wenye bembea, mchanga wa watoto wadogo na nafasi ya kucheza mpira. Kila mwaka Siku ya Mei Mosi ilisherehekewa hapo. Kent huyo huyo baadaye alikuwa mbunge, na ndiye aliyeitoa kwa taifa misitu ya Muir Woods ya California mwaka 1908.

Lakini ulikuwapo pia upande ambao haukuhitaji tajiri yeyote. Mitaa ya kata ya 19 ilijaa taka zilizorundikwa katika masanduku makubwa ya mbao, na watoto walicheza juu ya masanduku hayo kwa kukosa mahali pengine. Akina mama 12 wa klabu ya wanawake ya Hull House, baada ya kazi za siku nzima na katika joto la kiangazi, walipita vichochoroni na kuandika kila kosa walilokuta. Katika muda wa miezi miwili taarifa zilizofikishwa idara ya afya zilihusu ukiukaji wa sheria 1,037. Mambo yalipozidi kusuasua, Addams aliomba zabuni ya kuzoa taka yeye mwenyewe. Zabuni ikatupwa kwa sababu za kiufundi, lakini meya akaona aibu na mwaka 1895 akamteua kuwa mkaguzi wa taka wa kata, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Mwanamke yule mwenye mgongo uliopinda akawa anaamka saa 12 asubuhi kuyafuata magari ya taka ya kukokotwa na farasi. Katika mtaa mmoja, barabara ya lami ilikutwa imefukiwa chini ya tabaka la uchafu lenye unene wa inchi 18, na wakazi hawakuwa na habari kwamba waliwahi kuwa na barabara.

Kazi hiyo ilimgonganisha na diwani wa kata, Johnny Powers, ambaye aligawa ajira za magari ya taka kwa watu wake. Hull House ilimpinga katika uchaguzi na ikashindwa. Addams, badala ya kulaumu wapiga kura, aliandika uchambuzi wa kwa nini diwani yule anapendwa: alihudhuria misiba, alilipia majeneza, aligawa batamzinga wakati wa Krismasi, aliwatafutia vijana vibarua. Aliona kwamba Powers alikuwa akifanya, kwa nia mbaya, kile ambacho jirani mwema anapaswa kufanya kwa nia njema. Ni nadra mwanasiasa kuchambuliwa na adui yake kwa uadilifu wa namna hiyo.

Makosa nayo yalikuwapo. Jiko la umma lililoanzishwa mwaka 1893 kwa ajili ya kuwapikia majirani chakula chenye lishe, kwa kanuni za wataalamu, lilidorora, kwani Waitalia na Wagiriki hawakutaka kula supu ya wataalamu wakati wana mapishi yao. Likageuzwa kuwa mgahawa wa kahawa, na hapo ndipo lilipojaa. Tangu hapo wanawake wa Hull House walijifunza kuuliza kabla ya kupika.

Funzo hilo ndilo lililozaa Makumbusho ya Kazi mwaka 1900. Addams alikuwa ameona jambo la kuhuzunisha: watoto wa wahamiaji, kwa kadiri walivyosoma na kuzungumza Kiingereza, ndivyo walivyowaonea aibu wazazi wao. Shule na klabu, pasipo kukusudia, zilikuwa zikiwanyang'anya wazazi watoto wao. Katika makumbusho hayo akina mama na wazee waliketi na kusokota uzi, kufuma na kufinyanga kwa namna ya nchi walizotoka, na watoto wakaja kuwatazama wakiwa walimu. Kulikuwa na binti mmoja wa Kiitalia aliyekuja kila Jumamosi jioni kwenye darasa la mapishi, huku mama yake akija kusokota. Binti alikuwa akimwacha mama aingie kwa mlango mwingine, asionekane kuwa naye. Siku moja aliwakuta wageni wamemzunguka mama yake, wakistaajabia ustadi wake wa kusokota, akaelezwa kwamba huenda hapakuwa na msokotaji hodari kuliko yeye. Baada ya muda binti huyo akawa anaingia na mama yake kwa mlango mmoja.

Wakati huo huo, wenzake walikuwa wakipigania mahakama. Hadi mwisho wa karne ya 19 mtoto aliyeiba makaa ya mawe relini alihukumiwa na kufungwa pamoja na wahalifu wakubwa. Juhudi za Lucy Flower, Julia Lathrop wa Hull House na wanawake wengine zilizaa mahakama ya watoto ya Chicago mwaka 1899, ya kwanza nchini Marekani. Sheria ilitaka watoto wawe chini ya maofisa wa uangalizi, lakini haikutenga hata senti moja ya kuwalipa maofisa hao. Wananchi wakachanga. Mmoja wa maofisa wa kwanza alikuwa Alzina Stevens, mkazi wa Hull House. Kamati iliyokuwa ikichangisha mishahara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Chama cha Kulinda Watoto, ambacho chini ya Bowen kiligeukia mambo yanayowapeleka watoto mahakamani: mabaa, madanguro, kumbi za dansi. Lathrop aliteuliwa mwaka 1912 kuongoza Idara ya Watoto ya Serikali Kuu mjini Washington, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi hiyo.

Fikra za Addams kuhusu vijana zilikusanywa katika kitabu chake cha mwaka 1909, The Spirit of Youth and the City Streets. Alisema kwa ufupi kwamba mji wa viwanda umegundua thamani ya mikono ya vijana mchana na thamani ya mifuko yao usiku, lakini haujagundua kwamba wana haja ya kucheza. Tamaa ya kijana ya kutafuta msisimko hakuiona kuwa dhambi. Aliiona kuwa nguvu, na kosa alilitia kwa mji ulioiacha nguvu hiyo mikononi mwa wauza pombe. Katika kitabu hicho alisimulia mkasa wa wavulana watatu, wa miaka tisa, 11 na 13, waliotazama maonyesho ya uporaji wa magari ya farasi, kisha wakapanga kwa majuma kadhaa kumteka na kumwua muuza maziwa wa mtaani. Walinunua bastola na kamba. Farasi alishtuka kamba iliporushwa, risasi ikamkosa mtu, na hivyo ndivyo muuza maziwa alivyonusurika.

Wengi wa rika lake walitaka kumbi za sinema za senti tano zifungwe. Yeye alifungua ya kwake, mwaka 1907, akionyesha filamu zenye hadithi za kujenga. Haikudumu, kwa kuwa ilikuwa vigumu kushindana na kumbi za biashara zilizotapakaa Halsted Street, lakini hakuacha kuamini kwamba burudani mbaya hufukuzwa na burudani nzuri. Tamthilia, muziki na ngoma zikashika nafasi kubwa. Shule ya muziki ilikuwapo tangu mwaka 1893. Bendi ya wavulana ikafuata, na ni katika bendi hiyo ambamo mtoto wa fundi cherehani wa Kiyahudi, Benny Goodman, aliyezaliwa mwaka 1909, alipiga klarineti kabla ya kuwa mmoja wa wanamuziki mashuhuri wa jazi duniani. Mwaka 1912 Bowen alitoa ekari 72 huko Waukegan, kaskazini mwa Chicago, kwa kumbukumbu ya mumewe, na watoto ambao hawakuwahi kuona msitu wakawa wanakwenda kambini kila kiangazi.

Ipo dosari ambayo haifai kufunikwa. Katika miongo ya mwanzo Hull House ilikuwa kwa kiasi kikubwa nyumba ya wahamiaji kutoka Ulaya, na watoto weusi wa Chicago hawakupata nafasi sawa katika klabu zake. Mwaka 1901 Addams aliandika makala ya kulaani mauaji ya watu weusi kwa kunyongwa na makundi ya Wazungu, lakini akayachukulia madai ya wauaji kana kwamba yangeweza kuwa ya kweli. Mwandishi Ida B. Wells, mwanamke mweusi aliyekuwa ameyachunguza mauaji hayo kwa miaka mingi, alimjibu kwa heshima na kwa takwimu. Wawili hao hawakuwa maadui. Walishirikiana kuzuia jaribio la kutenganisha shule za Chicago kwa rangi, na Addams alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, mwaka 1909. Lakini ilimlazimu Wells mwenyewe kufungua, mwaka 1910, kituo cha kusomea na kupumzikia kwa vijana weusi waliokuwa wakiwasili kutoka kusini na kukuta milango mingine imefungwa.

Kufikia hapo Addams alikuwa labda mwanamke anayeheshimiwa kuliko wote Marekani. Mwaka 1912 alisimama jukwaani kuunga mkono uteuzi wa Theodore Roosevelt kugombea urais kwa chama cha Progressive. Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 aliongoza mkutano wa wanawake huko The Hague uliotaka mapigano yakome, na Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 hakubadili msimamo. Sifa zote zikageuka matusi. Magazeti yaliyomwita mtakatifu yakamwita msaliti, na baadhi ya wafadhili wakarudi nyuma. Katika miaka hiyo ndipo ilipodhihirika ni kwa kiasi gani uhai wa klabu za watoto wa Halsted Street ulikuwa umefungwa katika jina la mtu mmoja. Smith na Bowen hawakumwacha. Majirani nao waliendelea kuleta watoto.

Heshima ilirejea taratibu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1931 aligawana na Nicholas Murray Butler, mkuu wa Chuo Kikuu cha Columbia, na siku ilipotolewa Oslo, Desemba 10, yeye alikuwa akipokewa hospitalini Baltimore. Fedha zake alizipeleka katika jumuiya ya wanawake ya kimataifa ya amani na uhuru, aliyoiongoza tangu kuundwa kwake. Mary Rozet Smith alifariki mwaka 1934. Mwaka uliofuata, Mei 21, 1935, Addams naye akafariki dunia kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 74. Maelfu ya watu walipita mbele ya jeneza lake ndani ya Hull House, kisha akapelekwa kuzikwa Cedarville.

Nyumba aliyoiacha ilipata misukosuko yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jiji lilichagua eneo hilo kuwa mahali pa kujenga Chuo Kikuu cha Illinois. Wakazi wa mtaa, wengi wao Waitalia na Wagiriki waliokulia katika klabu zile, waliandamana na kwenda mahakamani, wakashindwa. Mwaka 1963 majengo yakabomolewa, yakabaki mawili, likiwamo lile jumba la matofali la mwaka 1856, ambalo leo ni makumbusho ya chuo hicho.

Taasisi yenyewe ilihamishia huduma zake katika vituo mbalimbali vya jiji, ikiendelea na malezi ya watoto, masomo ya ziada na msaada kwa familia. Katika miongo iliyofuata ikawa inategemea kwa sehemu kubwa mikataba ya serikali, huku michango ya watu binafsi ikipungua kadiri ya mahitaji yalivyoongezeka. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 2008 ukaikuta katika hali hiyo. Januari 2012, miaka 122 baada ya Addams na Starr kuingia Halsted Street, ilifunga milango kwa kufilisika, na watumishi pamoja na wazazi walipata taarifa siku chache tu kabla.

Ile ardhi ya Waukegan ilinusurika. Mamlaka ya bustani za mji huo iliinunua katika miaka ya 1960, na sasa inaitwa Bowen Park, bustani ya umma ambamo watoto wa mji huo wanaendelea kucheza.